Watoto wa Fishi 412

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 1955, Cyprien alishuka kwenye baiskeli yake mbele ya nyumba ya Domitille huko Runingu, akatoa vibanio kwenye suruali, akakunjua meza ndogo na kufungua chupa ya wino. Domitille alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha, maana maharagwe ya mwaka ule yalikuwa na wadudu wengi.

Cyprien alikuwa karani wa uchunguzi. Instituti moja ya wazungu, huko milimani ukishapita Kamanyola, ilitaka kujua watu wa bonde la Ruzizi wanaishi vipi: wanalima nini, wanakula nini, wanazaa wangapi, wanazika wangapi. Kila nyumba ilipewa karatasi yake ngumu, nao waliiita fishi. Nyumba ya Domitille iliangukia fishi 412.

Kwenye fishi kulikuwa na swali lililoandikwa na mtu asiyelijua bonde: watoto wangapi? Bondeni watoto hawahesabiwi. Ukiwahesabu, unakionyesha kifo pa kuanzia. Katika nyumba arobaini za kwanza wanawake walimjibu Cyprien kwamba Mungu anajua, au walimtazama tu kuku akipita. Cyprien alikuwa Mfuliiru wa Kimanga, mtu wa adabu, na aliona aibu kuwabana mama za watu. Kwa hiyo akabuni njia yake mwenyewe. Aliomba majina, moja moja, kama mtu anayesalimia, na hesabu akaifanya nyumbani kwake Kimanga, mbali na watoto wenyewe. Alijivunia sana njia hiyo. Karani asiye na adabu angeuliza namba tu, na asingemdhuru mtu.

"Mama, siombi hesabu," alisema. "Unitajie tu majina. Bale bazima na bale balikwenda."

"Majina haina shida," alisema Domitille. "Jina iko ya kuitwa."

Akataja wanne walio hai, kisha watatu waliokufa. Kila jina lilipokauka kwenye fishi, lilitoka kinywani mwa watu. Halikubaki kwa Domitille, wala kwa mumewe Ndihokubwayo, wala kwa jirani yeyote, wala kwa Cyprien aliyekuwa ameliandika dakika ile ile. Walio hai hawakupata taabu. Jioni hiyo hiyo Candide, binti mkubwa, alimwambia mama yake, "Minye ni Candide," na mambo yakaisha. Juma lile watu wa Runingu walijitambulisha wao kwa wao mpaka wakachoka, na vijana wawili waliitumia nafasi hiyo kujipatia majina mazuri zaidi.

Lakini aliyekufa hawezi kujitaja. Kitabu cha misheni nacho hakikuwa na kitu, kwa sababu watoto wale watatu walikuwa wamekwenda kabla padri hajapita kubatiza.

Katika nyumba ya Domitille, kama katika kila nyumba yenye utaratibu, waliokufa walikuja saa ya kuipua chungu. Mama alisimama mlangoni akawaita kwa majina, nao wakaingia, wakakaa karibu na mafiga, wakala mvuke wa maharagwe, wakaondoka kabla giza halijafunga. Aliyekufa haingii bila kuitwa. Katika hilo wana adabu kupita walio hai.

Jumanne ile walikuja kama kawaida, wakasimama kwenye ua wa miti ya miyenzi, wakasubiri. Domitille alifungua mdomo, akaufunga. Mwishowe akasema, "Karibuni." Lakini karibuni ni neno la wageni, na watoto hawakuliona kuwa ni lao. Walisimama mpaka maharagwe yakapoa, wakaenda.

Siku iliyofuata walisimama hatua tatu nyuma ya ua. Mwezi wa nane walikuwa katikati ya shamba la pamba. Mwezi wa kumi walikuwa ng'ambo ya barabara, na malori ya pamba yakawapita na kuwatilia vumbi. Kila jioni Domitille alitembea kutoka mlangoni mpaka pale waliposimama, akihesabu hatua, kwa maana hatua hazina mwiko. Alijua barabara inakoelekea, na kila mtu alijua. Ukivuka barabara kuna mafunjo, ukivuka mafunjo kuna mto Ruzizi, na mtoto aliyekufa akiuvuka mto bila kuitwa, huko aendako si wa mtu tena. Wenzake walimwambia apumzike kidogo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wenzake walikuwa na majina yao mengine ya kutafuta.

Mwezi wa kumi na moja alitembea siku nzima mpaka Uvira, kwenye biro ya teritwari, ofisi ya serikali ya wilaya. Bwana wa mezani alimsikiliza bila kuinua macho. Alisema malalamiko ya namna hiyo ameyapokea kumi na saba. Fishi ni mali ya Instituti, zimefungwa kwenye makabati ya chuma, nazo zinafunguliwa kwa watu wa vyuo vikuu tu, kwa ajili ya kufundisha na kutafiti. Je, mama ni mtu wa chuo kikuu?

"Iko mumoja wetu," alisema Domitille.

Alikuwa ni Révérien, mtoto wa Agathe, dada wa Domitille. Wakati huo bonde zima, kutoka Uvira mpaka Kamanyola, lilikuwa na mwanafunzi mmoja tu wa chuo kikuu, na yeye alikuwa mbali huko Léopoldville. Candide aliandika barua. Jibu lilifika Januari: Mama mudogo, ungojee vakansi, masomo ikifungwa, nitakuja na barua ya profesa.

Januari watoto walikuwa wamefika kwenye mafunjo. Mwezi wa tatu maji yaliwafika miguuni. Mwezi wa sita mkubwa aliloa magoti, wa kati mapaja, na yule mdogo maji yalimfika kifuani. Hawakugeuka nyuma. Domitille alipeleka chungu mtoni kila jioni, akakifunua ili upepo uwapelekee mvuke, na upepo wa Ruzizi kwa kawaida huvuma upande wa pili.

Révérien alifika Instituti mwanzoni mwa Julai, 1956, viatu vimepasuka kwa safari, barua ya profesa ikiwa ndani ya shati. Mlinzi wa makabati alikuwa mtu wa Bukavu aitwaye Protais. Alikuwa mtu mpole, mwenye funguo ishirini kiunoni. Chumba chake kilikuwa na makabati kutoka sakafuni mpaka darini, na kila mwanya umezibwa kwa pamba. Majina yaliyomo ndani yalikuwa yanaongea mchana kutwa, na watafiti walikuwa wameomba yapunguziwe sauti. Pamba hiyo ilitoka bondeni.

Protais aliisoma barua mara mbili. Kisha akafungua kitabu cha sheria.

"Profesa anaona fishi yenyewe," alisema. "Mutafiti mwenye diploma anaiona, minye nikiwa pembeni. Mwanafunzi anapewa kopi ya kufundishia."

"Kopi iko na majina?"

"Hapana. Majina inaondolewa, juu ya kulinda batu."

"Kubalinda na nani?"

Protais alifikiri. Lilikuwa swali zuri, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Na batu benye kusoma kopi," alisema. "Kama weye."

Révérien aliomba kwa adabu. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, naye aliinama mpaka mgongo ukamuuma. Alieleza habari ya mto na ya maji yalipofikia. Protais hakubisha hata kidogo. Alielekeza kidevu kwenye kabati la tatu.

"Fishi 412 iko pale. Minye nasikia bale batoto kila asubui."

"Basi unitajie, ndugu yangu. Majina tatu tu."

"Bote banaongea mara moja, nyumba zaidi ya elfu. Siwezi kubatenganisha. Na ningeweza, sina ruhusa."

"Na mwenye fishi? Mama mwenyewe akikuya hapa na miguu yake?"

Protais alirudi kwenye kitabu, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Katika orodha ya wanaoruhusiwa kulikuwa na maprofesa, watafiti, wanafunzi, wageni wa serikali na mafundi wa kupaka rangi makabati.

"Mwenye fishi haiko mu liste," alisema, na ilionekana inamuuma. Asiyekuwepo na lake halipo.

Saa sita kengele ililia, Protais akaenda kula, akamwacha kijana na kopi yake. Révérien aliondoa pamba kwenye kabati la tatu, akaweka sikio. Alisikia majina mengi mno, kama soko la asubuhi ukilisikia kutoka mbali, na katikati yake sauti tatu ndogo zikirudia kitu kile kile ambacho hakikuweza kushikika. Alivuta mkono wa droo. Alivuta kwa mikono miwili, akatia mguu ukutani, akavuta mpaka kucha ikang'oka. Kabati lilikuwa limetengenezwa Ubelgiji na halikutikisika. Alilia kwa hasira saa nzima iliyobaki. Protais aliporudi alimpa kitambaa cha kufunga kidole, akarudisha pamba mahali pake, akamwomba atie sahihi kwamba amepokea kopi moja.

Lori la ndizi lilimshusha Runingu siku ya pili, jua likielekea milimani. Nyumbani hakukuta mtu. Alikimbia mpaka mtoni. Domitille alikuwa ukingoni na chungu chake, na Candide na wadogo zake watatu nyuma yake. Huko majini mkubwa alikuwa ameloa kiuno. Yule mdogo maji yalimfika kidevuni, na alikuwa ameinua uso kidogo, kama afanyavyo mtoto anayeogeshwa.

"Umeleta?" aliuliza Domitille.

"Mama, majina balikatala. Nimeleta namba."

Domitille aliichukua karatasi, ingawa hakujua kusoma, akaitazama. Révérien alimwonyesha kwa kidole kilichofungwa. Watoto wa nyumba 412: wa kwanza mpaka wa nne, hai. Wa tano, wa sita na wa saba, wamekufa. Hakukuwa na kingine.

"Mama," alisema Candide kwa sauti ya chini, "si ni kubahesabu?"

Ndivyo ilivyokuwa, na Domitille aliogopa kuliko alivyopata kuogopa siku za kuzika. Aliwatazama wanne walio hai. Aliutazama mto. Yule mdogo alipiga hatua moja, maji yakagusa mdomo wake.

"Candide, peleka badogo yako nyumbani. Mufunge mulango. Musisikie."

Aliwasubiri mpaka wakapita mafunjo. Kisha akamwambia Révérien, au labda alijiambia mwenyewe, "Bale kifo kilishabahesabu. Hakitabahesabu mara ya pili."

Akaita.

"Mia ine kumi na mbili, tano!"

Mkubwa aligeuza kichwa.

"Mia ine kumi na mbili, sita!"

Wa kati aligeuka naye. Domitille akaita wa saba, akaita tena, na yule mdogo hakugeuka, kwa kuwa alikufa hajajifunza kuhesabu na hakujua kwamba ni yeye. Ilibidi kaka yake amfuate majini na kumgusa bega. Ndipo akageuka. Walitoka mtoni wote watatu, maji yakiwadondoka, wakamfuata mama yao mpaka nyumbani, wakakaa karibu na mafiga. Domitille aliwapakulia mvuke. Alifurahi sana, na alikuwa na hasira sana, na hakuona sababu ya kuficha mojawapo.

Wanne walio hai hawakupatwa na neno. Miezi mitatu kila mtu alikula vizuri.

Oktoba masomo yalianza tena huko Léopoldville. Alhamisi moja jioni, maharagwe yakiwa yameipuliwa, wa sita aliinua kichwa kama aliyesikia jambo, akasimama, akatoka. Wa tano alimfuata. Hawakurudi mpaka kesho yake, na nywele zao zilikuwa na vumbi la chaki.

Domitille hakushtuka, ila alitaka kujua. Révérien alijibu kwa barua ndefu ya kuomba radhi. Kopi za kufundishia zilikuwa zimefika. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, profesa alimpa kila mwanafunzi nyumba moja ya bonde la Ruzizi, naye akaisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Fishi 412 ilipendwa sana, kwa sababu ilikuwa imejazwa vizuri. Seti nyingine zilikuwa zimepelekwa vyuo vya Ulaya. Hilo Domitille alikuwa amekwisha kulidhani, kwa maana Desemba yule mdogo alirudi akitetemeka, mabegani ana kitu cheupe kilichoyeyuka kabla hajamfuta.

Alituma maombi mengine Instituti, yaliyoandikwa na Candide, kwamba wachukue namba zao na kumrudishia majina. Protais alijibu kwa mwandiko mzuri. Ombi limepokelewa, liko salama kwenye kabati, na bado hakuna mahali pake kwenye orodha. Mwisho wa barua aliongeza kwamba watoto hawajambo, anawasikia.

Basi Domitille akaomba kitu kimoja tu, na hicho alipewa bila taabu. Révérien alimtumia ratiba ya masomo ya mwaka mzima, nayo ikabandikwa ukutani karibu na mafiga. Siku za darasa maharagwe yanachelewa kuipuliwa. Wakati wa mitihani chungu kinafunikwa kabisa, kwa maana watatu wote wanaitwa kutoka asubuhi mpaka jioni, mahali pengi kwa pamoja, na wanarudi wamechoka hata mvuke hawautaki. Akiwa peke yake anakoroga, Domitille bado hufungua mdomo, hungoja kidogo, kisha huufunga.

Mwaka 1957 likizo ilianza tarehe kumi na mbili Julai. Tarehe kumi na moja alikuwa ameshaloweka maharagwe.