Baridi ya Itangishaka

Apollinarie alikuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwani, juani, nyuma ya nyumba yake ya Mulongwe, mtoto wake alipofika peke yake kutoka kliniki. Alikuwa uchi, ana jalidi kwenye kope, na masikio ni ya Cyprien mtupu.

Kliniki ilikuwa Rugenge. Apollinarie na mumewe Cyprien waliuza shamba lao la Lubarika ili daktari aunganishe mbegu zao, kisha ahifadhi kiinitete ndani ya chungu cha chuma, kwenye baridi kali ya azoti, gesi iliyogeuzwa maji, mpaka tumbo la mama lipone ugonjwa. Tumbo lilipopona, Cyprien akauawa kwenye barabara ya bondeni. Waliomuua hawakusema kwa nini. Kisha bunduki zikasogea mjini. Daktari akapakia garini godoro, televisheni na mbwa. Chungu akakiacha. Azoti ilipokauka, mtoto akatoka, akauliza njia.

"Umechelewa," Apollinarie alimwambia, akamfunga kitenge. Akamwita Itangishaka, jina alilolichagua baba yake.

Jioni wanawake wa jirani walikuja na uji kumpa mzazi hongera, na kama ilivyo desturi, wakawasha mbabula ya makaa karibu na kitanda. Kidole kidogo cha mtoto kikadondoka matone, kikaisha.

"Toeni moto!" alisema Charlotte, jirani wa ukuta mmoja. "Huyu iko mutoto wa baridi."

"Hata baba yake! Siku ya kulima, yeye na kivuli tu," mwingine akadakia.

Wakacheka, wakaitoa mbabula nje.

Umeme haukuwepo tangu vita viingie. Habari ya mtoto wa baridi ikamfikia komanda wa askari, aliyekuwa akilala katika nyumba ya daktari. Askari akaja.

"Mama, tunaazima mutoto. Komanda anakunywa bia ya moto kama mukojo."

"Minye siazimishe mutoto."

"Weye iko na bunduki?"

Hakuwa nayo.

Wakamkalisha Itangishaka kati ya kaziye za bia, makreti yaliyojaa chupa, akazikumbatia chupa mpaka zikatoka jasho. Maofisa walimsifu. Alirudi nyumbani amepungua kimo. Kila siku walimchukua, kila siku alirudi mfupi zaidi. Apollinarie akavaa nguo zake za matanga, akaenda kwa komanda.

"Anaisha," alimwambia.

"Mama, kila mutu anatoa kitu kwa ajili ya inchi," komanda alijibu, akafungua chupa.

Siku komanda alipopandishwa cheo, kaziye zilikuwa nyingi. Askari alimrudisha mtoto ndani ya ndoo ya plastiki, maji yasiyofika hata nusu. Apollinarie aliipokea kwa mikono miwili.

"Ndoo iko ya kikosi, mama. Naingoja."

Akaingia ndani kutafuta sufuria. Akammimina humo polepole, asipoteze tone, akafunika. Askari akachukua ndoo, akaikung'uta, akauliza kama kule kliniki walibaki wengine.