Kondoo wa Kibali

Motaleb alikuwa anafunga kishada cha shingoni kwenye kanzu ya bwana harusi mmoja wa Al Ain kondoo walipoingia dukani. Waliingia wakifuatana, wakatafuna vipande vya kitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani, kisha wakalala kando ya meza ya kupigia pasi. Gulzaman, mgeni mwenzake wa Kipathani anayepiga pasi hapo, aliinua pasi yake ili kondoo jike mmoja mzee asiungue sikio.

"Wako hao," alisema.

"Wangu kutoka wapi? Mimi hata kuku sina."

"Kibali chako cha ukaazi kinasema wewe nani?"

Kilisema mchunga kondoo. Mdhamini wake, Bu Suhail, alipomleta kutoka Bangladesh hakuwa na nafasi ya fundi cherehani. Alikuwa na nafasi ya mchunga kondoo tu, ya shamba aliloliuza zamani. Akamwandika hivyo hivyo, akamketisha kwenye cherehani, na miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Mtaa ule wengi walikuwa hivyo. Mwoka mikate wa jirani aliandikwa mpiga mbizi, na tangu vibali vihuishwe alikuwa anakanda unga huku nguo zinamchuruzika maji ya chumvi. Wateja walishazoea. Walilalamika tu kwamba mkate umezidi chumvi.

Motaleb akawasogezea kondoo ndoo ya maji, akarudi kwenye kishada chake. Simu ikalia. Alikuwa Habibullah, aliyekuwa analala chumba kimoja na Shafiul, mdogo wake Motaleb, huko Buraimi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Omani. Shafiul ameanguka kutoka ghorofa wanayoijenga. Amefariki. Watamzika leo baada ya Alasiri.

Buraimi si mbali. Ukipanda juu ya paa la duka unauona mnara wa msikiti wake. Siku za Ijumaa ndugu hao wawili walikuwa wakisimama kila mmoja upande wake wa waya wa mpaka, wakizungumza kwa simu huku wakitazamana, maana kuvuka kulitaka visa na visa ilitaka maelezo. Walijiambia iko siku watalishughulikia.

Kisha akapiga mama, kutoka kijijini. Hakulia. "Baba," alimwambia mwanawe, "mimi sitamwona tena. Nenda kamtazame uso. Usije ukaniambia umesikia kwa watu. Niambie umemwona."

Motaleb akavaa shati safi, akashika njia. Kondoo nao wakainuka wakamfuata. Alijaribu kuwafungia dukani. Alipofika kwenye taa za barabarani walikuwa tayari nyuma yake, wakisubiri ya kijani.

Ofisa wa mpakani alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya mafua. Alikisoma kibali, akawatazama kondoo, akakisoma tena.

"Unataka visa ya kuingia, rafiki. Kazi yako nini?"

"Fundi cherehani, bwana. Ndugu yangu amekufa hapo tu. Nikimwona narudi."

"Mungu amrehemu. Fundi cherehani anapewa visa hapa hapa dirishani. Lakini imeandikwa mchunga kondoo."

Motaleb akamwonyesha vidole vilivyotobolewa na sindano. Ofisa akavitazama kwa makini, hata akamwonea huruma.

"Ningekuamini," alisema. "Sasa na hawa? Fundi gani anatembea na kundi?"

"Basi niandike mchunga kondoo."

"Mchunga kondoo anataka barua ya mdhamini, iandikwe upande wenu."

Motaleb akampigia Bu Suhail. Bu Suhail alikuwa Salala kwa mapumziko, anakula mishikaki kwenye manyunyu ya mvua. Salala ni Omani. Yeye ni raia wa upande huu, alivuka na kitambulisho tu, mkono mmoja kwenye usukani.

"Barua iandikwe huko uliko wewe, Motaleb, na mimi niko huku," alisema. "Nikirudi mwezi ujao nakuandikia. We tulia na kondoo wako."

"Mwezi ujao atakuwa kaburini, bwana."

"Poleni sana," akasema Bu Suhail, na ilionekana kweli amesikitika.

Motaleb hakuelewa. Alitazama dirisha, akatazama waya, akajaribu kulipanga jambo lile tangu mwanzo, likamponyoka. Akiwa fundi anapita, lakini kondoo wanasema si fundi. Akiwa mchunga kondoo hapiti, na kondoo wanasema ndiye. Akauliza swali lililobaki.

"Na kondoo wenyewe, bwana?"

"Kondoo hawana shida," alisema ofisa. "Daktari wa mifugo akiwatazama midomo, wanapita."

Daktari akaja, akawatazama midomo, akawapulizia dawa kwatoni. Motaleb akachuchumaa mbele ya yule jike mzee, akamwelekeza njia kama anavyoelekezwa mtu mzima: msikiti wenye mnara mweupe, mtafuteni Habibullah, mwambieni mimi ni kaka yake Shafiul. Lango likafunguliwa. Kondoo wakavuka wakifuatana, na yeye akabaki kwenye benchi, hajui hata aweke wapi mikono yake.

Baada ya Alasiri Habibullah akapiga simu. "Wamefika, kaka. Wamesimama safu ya nyuma, wametulia kuliko sisi. Tulipomfunua uso wakaja mmoja mmoja. Yule jike mzee alikaa naye sana, imamu akamwacha."

Walirejea jua likiwa linapungua. Ofisa akawapitisha, kisha akakitaka kibali cha Motaleb, akakigonga muhuri. Muhuri ulithibitisha kwamba mwenye kibali ameonekana mpakani akiwa kazini kwake, na kwa hiyo kazi hiyo haiwezi kubadilishwa.

"Hii itakusaidia," alisema, na alimaanisha.

Motaleb alikuwa hajafika dukani mama alipopiga.

"Umemwona?"

Akasimama kando ya barabara. Kondoo wakasimama. Jike mzee akampandishia pua kifuani, na pua ile ilikuwa na harufu ya kafuri na udongo uliochimbwa sasa hivi. Motaleb akainamisha uso wake pale puani, akavuta pumzi.

"Tumemwona, mama," alisema. "Alikuwa ananukia kafuri."