Kuku Aliyepiga Moyo Konde

Cédrick alitoka Kinshasa kuja kuuza simu hapa Likasi, akampenda rafiki yangu Gaëlle. Baba yake Gaëlle, Tata Édouard, alitoa sharti moja: mkwe aje ajieleze kwa Kiswahili, bila Kilingala wala Kifaransa. Akikwama, arudi kwao.

Mimi nimesomea ualimu Mulungwishi. Nilimfundisha nahau, kwa kuwa chuoni tuliambiwa nahau humfanya mgeni aongee kama mwenyeji. Tulizirudia huku tukimenya karanga: kupiga moyo konde, kufunga safari, kumvulia mtu kofia, kukata tamaa.

Siku ilipofika nilimsindikiza. Alisimama sebuleni, jasho likimtiririka.

"Wazazi wangu, nawavulia kofia! Nimepiga moyo konde, nimefunga safari, wala sitakata tamaa!"

Tata Édouard akafumba macho. Mama Georgette, shangazi yake Gaëlle, akainua mikono.

"Amina!"

Nilitamani kuingia chini ya meza. Likasi hakuna anayeongea hivyo nyumbani. Kiswahili kile tunakisikia kanisani tu, Biblia inaposomwa.

"Gaëlle, haukutuambia kama iko pasta!" alisema Tata Édouard. "Pasta, utuombee chakula."

Cédrick alinitazama. Sala ya Kiswahili hakuijua hata moja. Akaangalia bukari, ugali wetu, akaangalia kuku, akafumba macho.

"Bwana, kuku huyu amepiga moyo konde."

"Amina!"

"Tunamvulia kofia. Asikate tamaa."

"Amina, pasta!"

Mama Georgette akapandisha kitenge kidogo, akamsogezea goti. "Na hii, pasta. Inaniumiza sana."

Cédrick akaliwekea mkono. "Goti, funga safari!"

Hapo Gaëlle akaangua kicheko. Cédrick alifumbua macho, akawaona watu wazima wameinamisha vichwa kwa ajili yake, akaona haya.

"Tata, minye hapana pasta. Minye nauzisha telefone. Niko namupenda Gaëlle. Ni ile tu."

Kilikuwa Kiswahili cha wateja wake wa simu. Tata Édouard akainua kichwa.

"Kumbe unajua Kiswahili! Sasa ile ingine yote ilikuwa ya nini?"

Cédrick akaninyooshea kidole. Mimi nikachunguza sahani yangu.

"Ikala, mukwe," alisema Tata Édouard akimvutia kiti. "Ukule."

Gaëlle akaenda kukaa karibu naye. Mama Georgette akasimama, akakunja goti, akalinyoosha, akazunguka meza nzima bila kuchechemea. Kisha akamwinamia Cédrick sikioni.

"Ukule pole pole. Kuko na bega pia."