Kilo Sita kwa Nne

Tone la plastiki inayowaka lilidondokea pamba, pamba ikashika moto, na meneja akapiga makofi. Alipiga makofi, jamani, kama mtu aliyepata mjukuu.

"Mmeona? Huo ndio unga wenu salama!"

Nimezunguka miji mingi, nimeonja mabosi wa kila aina, ila kichwa kitupu kama kile sijakiona tena. Tulikuwa tukitengeneza soketi za umeme. Ili zisishike moto, plastiki tuliichanganya na unga wa zamani, vijiko vichache tu, wenye vumbi linalokaba na moshi wa sumu ukiungua. Aliyeupima kila siku ni dada yangu, naye alikuwa na mimba ya miezi minne. Alimsumbua meneja wiki tatu nzima, mpaka akakubali tujaribu unga mwingine, wa madini, ambao ukipata joto hutoa maji na kuupoza moto. Sharti lilikuwa moja: ukishindwa, tunarudi kwa ule wa zamani na asisikie tena kelele za mtu.

Sasa, unga ule wa madini hutiwa mwingi, zaidi ya nusu ya mchanganyiko. Imeandikwa kwenye gunia. Meneja hakusoma, alichukua kijiko kilekile.

"Unga ni unga," alisema.

"Kaka, mwambie," dada alininong'oneza. "Mimi ameshanichoka."

Nami, pande la mtu, nikachanganya nilivyoagizwa.

Basi pamba ikawa majivu. Dada akavuta mizani. Alipima mwenyewe, kilo sita za unga kwa nne za plastiki, akaviyeyusha kwa joto la chini, akakata kipande, akakining'iniza juu ya pamba mpya na kukiwashia moto mbele yetu sote. Moto ulikilamba, ukafifia, ukafa. Pamba ikabaki nyeupe.

Meneja akakigeuzageuza.

"Kizito. Halafu kimepauka, nani atanunua? Kesho unga wa zamani."

Dada akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani kwa meneja. Mlangoni akageuka.

"Kaka, twende?"

Nikamwambia mashine ya kuyeyushia bado ina moto, siwezi kuiacha hivyo.

Yule meneja nimemdharau maisha yangu yote, na sioni haya kusema. Lakini mashine ile ilikuwa ikipoa kwa nusu saa. Mimi nilikaa pale miaka miwili.