Sala ya Kumusemea Mutoto

Mutoto wangu Nathanaël alipata diplome yake miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hakupata kingine. Asubuhi alilala. Chumba chake na changu vimegawanywa na ukuta usiofika juu. Mimi ni mujane, tena mutu wa sala, na nilijikataza kugombeza mutoto mukubwa. Kwa hiyo nilimusemea kwa Mungu, kwa sauti. Wamama wengi wa Kasongo wanaijua sala ya namna hii. Unamwita Bwana, lakini uso umeugeuzia ukuta.

Mwaka huu yeye na rafiki yake Magloire walitengeneza filme kwa telefone. Siku ya Mungu, misa ilipokwisha, waliionyesha katika sale ya mikutano ya paroki, madirisha yamefunikwa mablangeti. Nilikaa mbele na Mama Sidonie, mukubwa wa kikundi chetu cha sala.

Ilikuwa filme ya kijana asiye na kazi na binti anayemupenda. Wanazunguka soko, hawanunui kitu. Wanakaa juu ya pikipiki ya Magloire isiyo na esanse. Binti anauliza, "Kesho utafanya nini?" Kijana, ndiye Nathanaël mwenyewe, anajibu, "Kesho nitafikiri."

Mama Sidonie akaniguza. "Mama Nathanaël, hapa mutoto hakuigiza. Amejileta muzima."

Nilicheka na wengine.

Binti akapanga siku ya kwenda naye Kabambare, wazazi wamuone. Asubuhi ile kijana anafunga vifungo vya shati nyeupe. Halafu, nyuma ya ukuta, mwanamuke anaanza kusali.

"Bwana, wenzake wanalima, wenzake wako Salamabila wanachimba zahabu. Huyu wangu iko kama gunia ya mihogo. Mwanamuke gani atamutaka? Baba yake aliondoka mapema. Labda aliona mbele."

Ilikuwa sauti yangu. Si mutu aliyeniiga, mimi.

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Kijana alifungua vifungo kimoja kimoja, akalala na shati lake. Binti alingoja barabarani, mwisho akapanda pikipiki ya kukodi peke yake. Mama Sidonie alitazama viatu vyake.

Shati lile nililifua mimi mwaka jana. Nilishangaa limekunjamana na halina jasho. Ndio mwezi ule Rachelle, binti aliyekuwa akija kwetu, alirudi kwa wazazi wake Kabambare, na mimi nikamuambia mutoto, "Umeona?"

Nyumbani Nathanaël alisimama mulangoni. "Mama, nilirekodi bila kukuomba. Jumamosi hii, siku ya posho, tunaipeleka Kabambare. Ukitaka, natoa sauti yako."

Kabambare ndiko waliko wadogo za marehemu bwana yangu. Miaka kumi na moja wananiita mujane mwenye heshima. Wasikie nilivyosema juu ya ndugu yao?

"Huwezi kuweka sala ingine?"

"Ukisali, naweka."

Aliweka telefone mezani. Nikafunga macho. "Bwana, mutoto wangu Nathanaël, mwenye akili, mwenye roho nzuri..." Nikakwama. Ya kwanza nilisema asikie yeye, na hii nilikuwa nasema wasikie mashemeji. Mungu sikumuambia kitu.

"Zima," nikasema.

Akazima.

"Rachelle atakuja kuiona?"

"Nilimutumia ujumbe. Hakukataa."

"Anajua kwa nini hukwenda siku ile?"

"Nilimuambia nilikuwa na malaria."

Nilitafuta kiti, nikakaa. Mwaka muzima alikuwa ameficha maneno yangu kwa Rachelle, na mimi kila asubuhi namusema.

"Basi acha sauti yangu," nikasema. "Ukiitoa, ataona kijana aliyelala bure tu."

"Na baba wadogo?"

"Wataniuliza. Nitajibu mwenyewe."

"Mama, barabara ni mbaya."

"Najua. Muambie Magloire asikimbize pikipiki yake. Siku ya posho atanibeba na mimi."