Moshi wa Jikoni kwa Phelesia

Mahindi ya msaada yalikuwa ya manjano, na yaligawiwa kwa kutazama moshi. Kila jioni Nicanor, mzee wa kijiji ambaye watu walimwita Jaduong', alisimama mlangoni pake kilimani akaangalia vibanda vya watu waliofukuzwa na ziwa. Kibanda chenye moshi kina chakula, basi hakikupewa kitu. Kisicho na moshi kilipewa mkebe mmoja. Watu waliona ni haki, ingawa walianza kufunika mioto yao na kutazamana vibaya.

Phelesia hakuwa na moto wowote kule juu. Nyumba yake ilikuwa chini ya maji tangu mvua zile kubwa za kabla ya uhuru. Alilala kwenye kibanda cha nyasi na Jedidah, mke wa mwanawe, ambaye alikuwa amejifungua juzi na maziwa hayatoki kwa njaa. Mkebe ule ndio waliokuwa wakiungoja.

Lakini kila jioni, pale ziwani palipokuwa jiko la Phelesia, moshi ulitoka majini ukapanda umenyooka. Wavuvi waliuzunguka wakaendelea na nyavu zao. Watoto waliutungia kitendawili: mpishi hana paa, moto hauna majivu, moshi hauna nyumba. Aliyeshindwa alitoa mji.

Nicanor akasema moshi ni moshi. Jiko ni la Phelesia, basi Phelesia anapika. Wengine wakaongeza kwamba alizamisha gunia la unga maji yalipokuwa yakija, na kwamba Jedidah anajilegeza tu. Kezia, jirani yao, alipomsalimia Phelesia alimnusa vidole.

Paul, katekista aliyehamia kutoka Migori baada ya Mto Kuja kubeba kanisa lake, akashauri waende wakaone. Javan mvuvi akatoa mtumbwi. Akaingia Paul, akaingia Nicanor, na Phelesia akakaa nyuma.

Maji yalikuwa maangavu. Chini, mekoni, Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa akipuliza kuni mbichi. Koti lake lilikuwa limelowa na macho yamemwiva kwa moshi. Paul akavua kofia. Alisema ni Yeye, kwa sauti ya mtu aliyemtambua shemeji yake sokoni. Alisema kule Migori walimtafuta sana baada ya mafuriko, kumbe alikuwa huku.

Nicanor hakubisha. Aliinama ukingoni mwa mtumbwi.

"Chunguni mna nini?"

"Maji," Phelesia alisema. "Anachemsha maji matupu, kama nilivyofanya mimi ule mwaka wa njaa, ili watoto walale wakidhani kinaiva."

"Lakini moto amewasha."

"Kwa hiyo hata Yeye umemnyima, Jaduong'?"

"Utaratibu ni mmoja kwa wote, mama."

Phelesia akageuka akatazama kilimani. Kutoka majini vibanda vya wengine vilionekana vyote, kila kimoja na kauzi kake ka moshi kanakojificha. Nyumba moja tu, ile ya bati, haikuwa na moshi hata kidogo. Nicanor alipikiwa kwa makaa, kwenye jiko lililotoka Oyugis.

"Nyumba yako haina moshi, Jaduong'."

"Ndiyo maana huwa napewa," Nicanor alisema.

Javan alicheka kidogo, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Paul akaigeuzageuza kofia yake. Wote walikuwa wameona, basi wakarudi nchi kavu.

Jumapili ibada ilifanyika ufukweni, watu wameuelekea moshi na kukipa kilima mgongo. Waliomba vizuri sana. Mahindi yalipokuja tena, Nicanor alipata. Phelesia hakupata.

Kezia, ambaye sasa aliona aibu, akamletea kikombe cha unga. Phelesia akaenda kumkorogea Jedidah uji kwenye moto wa Kezia, akabakiza unga kidogo, akaufunga kwenye pindo la leso. Jedidah akamuuliza anaupeleka wapi na wao hawana.

"Kuna mgeni jikoni kwangu," Phelesia alisema, "na chungu ni kitupu."

Javan akampeleka. Phelesia akaumimina unga majini, juu ya chungu hasa, naye Mzee chini akachukua mwiko.

Jioni ile moshi ulikuja na harufu ya ugali, ukapanda nayo mpaka kilimani. Nicanor akasimama mlangoni pake, akanusa.

"Si niliwaambia ana chakula?" alisema, akaingia ndani kula.