Mafungu Matatu kwa Farasi Wawili

Baba alipofariki alituachia nyumba, uwanja mmoja wa malisho na farasi wawili. Dada akamchukua Bibi Mkubwa, jike mwenye roho mbaya, mimi nikabaki na Kijivu, dume mpole kupita kiasi. Watu walisema tumegawana kulingana na tabia zetu. Hawakukosea, ndiyo maana iliniudhi.

Bibi Mkubwa alimkalia Kijivu kooni. Akila anafukuzwa, akinywa maji anang'atwa. Alimbana kwenye kona ya uzio na kumtandika mateke mpaka ngozi ikachubuka. Lakini nikimtoa Kijivu nje, mtesaji ndiye anayepagawa. Analia, anatoka jasho, anajitupa kwenye waya. Hataki kukaa naye kwa amani, na hataki aondoke. Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa geni.

Nilikuwa nimepata kazi kwenye zizi la mbali, na nimeruhusiwa kwenda na farasi wangu. Dada alisema hanizuii, ila si kabla farasi wake hajatulia. Akijichana kwenye waya, damu yake itakuwa juu yangu.

Daktari wa mifugo akatufundisha. Tuzibe kona kwa miti, asipatikane wa kubanwa. Tuweke mafungu matatu ya nyasi kavu, yaachane, ili anayefukuzwa hapa apate pale. Na Kijivu nimtoe kidogo kidogo: kwanza hadi langoni tu, nirudi kabla mwenzake hajaanza kulia, kesho yake mbele zaidi, huku Bibi Mkubwa akiwa na nyasi za kumshughulisha.

Dawa ikaingia. Baada ya muda nikawa nafika na Kijivu hadi barabarani, na nikigeuka namwona Bibi Mkubwa anatafuna zake, hana habari. Nilifurahi kama mtoto. Nikaanza kupanga nguo kwenye sanduku, mlango wazi, dada akipita na kuona.

Kesho yake kelele zikaanza upya, na keshokutwa vilevile. Nilimlaumu mnyama, nikamlaumu daktari, nikajilaumu kwa haraka zangu. Ndipo asubuhi moja nikamfunga Kijivu nyuma ya banda, nikachungulia. Dada alikuwa uwanjani na toroli, anazoa nyasi, mafungu yote matatu. Bibi Mkubwa alikuta udongo mtupu, akainua kichwa kumtafuta mwenzake. Hapo akaanza kulia.

Nilimwendea dada na matusi niliyoyaandaa. Hakujificha wala hakujitetea.

"Akitulia utaondoka, mdogo wangu," alisema. "Na mimi nitabaki na nani?"

Maisha yangu yote nilimwogopa, na kumchukia kulikuwa rahisi. Hili sikujua nilishike wapi. Nikachukua toroli, nikarudisha nyasi. Nikamwingiza Kijivu uwanjani, na kabla sijafunga lango alikuwa ameshang'atwa.

Jioni nilimpigia simu mwenye zizi, nikamwambia farasi bado hawajazoea kuachana. Akasema basi, atatafuta mtu mwingine. Dada alikuwa mezani akisikia kila neno. Nilipokata simu aliniambia nikanawe mikono, chakula kinapoa.

Nikaenda kunawa.